DHAMANA YA MOTOKAA IKIISHA

Si jambo la siri kwamba motokaa nyingi zinazotembea Shinyanga, Kahama na Geita hazikununuliwa mpya. Zilitumika kwanza Japani, zikapakiwa melini, zikateremshwa Dar es Salaam, kisha zikasafiri karibu kilomita 1,000 nyingine hata kuwafikia wenyewe. Dhamana ya kiwanda, ambayo kwa kawaida ni ya miaka michache tu au idadi fulani ya kilomita, ilikwisha zamani kabla motokaa hizo hazijaiona bandari yetu. Basi kwa mfanyakazi wa huku, kuuliza nini kifanyike dhamana ikiisha ni kuuliza nini kifanyike tangu siku ya kwanza.

Twaona ajabu moja. Ni vigumu kupata katika nchi hii mahali ambapo utunzaji wa mitambo wajulikana zaidi kuliko ukanda huu. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi ukafanya kazi tangu 2009 hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2021. Katika migodi mikubwa ya namna hiyo lori la mawe halingojwi mpaka likohoe. Saa zake za kazi huhesabiwa, na zikitimia, kama 250 au 500, huingizwa karakana hata likiwa linanguruma vizuri. Oili na machujio hubadilishwa, na kila lililotendwa huandikwa. Lakini ndugu yuleyule aliyezitii saa hizo zamu nzima, akitoka langoni hupanda gari lake mwenyewe asilokumbuka lilibadilishwa oili lini. Hungoja taa nyekundu iwake, na taa ya oili ikiwaka, mara nyingi injini imekwisha kuumia.

Na njia zetu hazina huruma. Vumbi la barabara za machimboni huziba chujio la hewa mapema, na likipenya husaga silinda na ringi. Kitabu cha kiwanda, katika ukurasa ambao wengi hawaufikii, kwa kawaida huagiza kwamba penye vumbi muda wa matengenezo ufupishwe. Tena iko hatari ya mkanda wa taimingi, ambao katika injini nyingi huagizwa ubadilishwe kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Mwenye gari la mtumba hajui kama ulibadilishwa, wala mita yake si shahidi wa kuaminika, kwani mita hurudishwa nyuma. Mkanda huo ukikatika, pistoni za injini nyingi hugonga valvu, na aliyeogopa bei ya mkanda hulipia injini nzima.

Twaelewa kwamba fedha ni chache na ya kwamba gereji nyingi ni zile ziitwazo gereji bubu. Humo wamo mafundi hodari sana, tusiwadharau. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, na yawapasa wautumie. Mwenye gari naye ana wajibu wake. Adai risiti ya spea. Adai spea iliyotolewa aione kwa macho yake. Aandike tarehe na kilomita katika daftari la bei ya mkate. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza kumdanganya mnunuzi, nayo haikwishi siku dhamana inapokwisha. Lakini asiye na risiti ataonyesha nini mbele ya Tume ya Ushindani?

Jambo linalotuhuzunisha zaidi ni lile la madereva wa magari madogo ya abiria, yaitwayo michomoko, na wenzao wa bodaboda. Dereva hupewa chombo kwa mkataba, apeleke hesabu kila jioni mpaka deni liishe, kisha chombo kiwe chake. Tajiri ataka hesabu, dereva ataka chakula cha watoto, na kati yao hakuna anayeona faida ya kusimamisha chombo kwa nusu siku. Breki huendeshwa mpaka chuma kikwaruze chuma, na abiria, ambaye hakutia sahihi mkataba wowote, ndiye aliyebebwa juu ya breki hizo. Siku deni linapokwisha, dereva hukabidhiwa mzigo wa chuma chakavu kwa jasho la miezi mingi. Huo si umilikaji.

Mikataba hiyo hutaja kiasi cha kila siku na siku ya mwisho. Vyama vya madereva vya Kahama, Shinyanga na Geita havina budi kudai itaje pia chombo kitasimama kila baada ya kilomita ngapi, nani atanunua oili na breki, na kwamba siku hiyo hesabu haidaiwi.