Kwa Wazazi na Waalimu: Ng'ombe wa Udongo

Hapa kwetu Ugogo mtoto mmoja alifiwa na baba yake, akanyamaza mwezi mzima. Nalimpa mwanasesere wa Kizungu; hakumgusa, na kosa lilikuwa langu. Mwaka 1947 Bibi Virginia Axline wa Marekani alitoa kitabu cha habari za kuwaponya watoto kwa michezo: mtoto atangulie, mkubwa amfuate. Lakini atangulie kwa vitu vya kwao. (Mwana wa mtu wa reli pengine angetaka gari moshi.) Basi nikaleta udongo, nikaketi kimya. Akafinyanga ng'ombe, akajenga tembe na zizi, akamwacha fahali mmoja nje. Akasema, “Huyu hajui njia ya kurudi.” Ndipo akalia, na mama yake akalia pamoja naye.