Kampuni Haitafufuliwa, Sisi Tutafufuliwa



Ndugu wasomaji, mwaka 2003 ilitoka huko Kanada filamu ya mambo ya kweli iitwayo The Corporation. Waliiongoza Mark Achbar na Jennifer Abbott, kutokana na kazi ya profesa wa sheria Joel Bakan. Tunawashauri wazazi waiangalie pamoja na vijana wao, hasa wanaosomea sheria, uhasibu na biashara. Ila waiangalie wakiwa na mizani ya dini mkononi.

Filamu inauliza swali moja: ikiwa sheria inaihesabu kampuni kuwa ni mtu, je, ni mtu wa namna gani? Kisheria kampuni humiliki mali, hukopa, hushtaki na kushtakiwa kwa jina lake yenyewe. Watengenezaji wakachukua orodha ya dalili wanazotumia madaktari wa akili, kama vile kutojali wengine, kudanganya na kutojuta, wakaipima kampuni kwayo. Jawabu lao ni kwamba huyu ni mtu asiye na dhamiri.

Sisi wa Kampala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kilima cha Old Kampala, unaposimama leo Msikiti wa Taifa, ndipo ilipojengwa ngome ya kampuni. Mwaka 1888 serikali ya Uingereza iliipa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki hati ya kutawala, na Desemba 1890 Kapteni Lugard alifika hapa akiwa mtumishi wake. Mwaka 1891 jeshi lake lilipigana na Waislamu wa Buganda. Januari 1892, katika vita vya Mengo, likawapa bunduki Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki. Wakati huo huo wakubwa wa kampuni huko London walikuwa wameshaona kwamba Uganda ina gharama kuliko faida, wakataka kuondoka. Mwaka 1893 bendera yao ikashushwa, ikapandishwa ya serikali ya Uingereza. Kampuni yenyewe ikafa. Je, damu iliyomwagika nani anaidai, na anamdai nani?

Hapa ndipo tunapotofautiana kidogo na filamu. Ukisema mgonjwa ni kampuni, unampa nafasi mkurugenzi kusema, "Si mimi, ni kampuni." Muislamu hana mlango huo. Qur'ani tukufu, katika Suratul Israa, imetufundisha kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenzake. Kampuni haina roho, haina kaburi, wala haitafufuliwa. Watakaofufuliwa ni aliyetoa amri, aliyetia saini, na aliyekula faida hali ya kuwa anajua. Filamu yenyewe inamwonyesha Ray Anderson, mwenye kampuni ya mazulia Marekani, aliyejihesabu nafsi yake akabadilisha mwendo wa kiwanda chake. Kumbe mtu aliye ndani anaweza!

Na tusidhani kwamba haya ni ya matajiri wa Ulaya tu. Wangapi miongoni mwetu wameandikisha kampuni za familia zenye herufi "Ltd" mwishoni mwa jina? Maana ya herufi hizo ni kwamba kampuni ikifilisika, mwenye hisa hadaiwi zaidi ya hisa zake. Mwenye nyumba yake Ntinda anabaki nayo, na fundi seremala, dereva na muuza maziwa wanarudi mikono mitupu. Sheria imemwachia, lakini je, dini imemwachia?

Wanazuoni wamelijadili. Mufti Taqi Usmani wa Pakistani ameifananisha kampuni na waqfu na Baytul Mal, ambazo fiqhi imezikubali tangu zamani kuwa zinamiliki na kudaiwa. Lakini akaona kinga hiyo ya madeni ibakie kwa makampuni makubwa yanayouza hisa kwa umma, isiwe kwa vikampuni vya watu wachache wanaoendesha biashara wenyewe. Na sote tunaijua hadithi ya maiti mwenye deni: Mtume (S.A.W.) alijizuia kumswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni lile. Deni lilimfuata mwenyewe mpaka jenezani.

Basi enyi vijana wetu, mkishapata kazi, na mkaletewa karatasi ya kutia saini, jiulizeni: je, jambo hili ningelifanya kwa jina langu na la baba yangu? Na enyi wenye biashara, andikeni madeni ya wadogo kwanza, muyalipe hata kama mahakama haiwalazimishi. Jina la kampuni liwe la kurahisisha biashara, lisiwe pazia la dhulma.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) atupe chumo la halali, na atuwezeshe kulipa haki za watu kabla ya siku isiyofaa mali wala watoto. Amin.

Wabillahi tawfiq.