Uchovu Si Uvivu

Mwenye jeraha twaliona jeraha lake. Mwenye homa twamgusa paji la uso, nasi twajua. Lakini aliyechoka, nani atapima uchovu wake? Mara nyingi jamaa humwita mvivu, na shauri limekwisha.

Uko ugonjwa unaotuonyesha ubaya wa hukumu hiyo, nao waitwa multipo sklerosisi. Mganga Mfaransa Charcot aliueleza mjini Paris mwaka 1868. Askari wa mwili, wanaopaswa kutulinda na maradhi, hushambulia utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, kama mpira unavyofunika waya wa umeme. Utando ukiharibika, amri za ubongo hupita kwa shida. Wengi wa wagonjwa hao hulemewa na uchovu. Tena si ule wa mkulima, unaoondolewa na usingizi wa usiku mmoja: huu waweza kumkuta mtu asubuhi angali kitandani, na joto huuzidisha.

Hakuna mashine wala kipimo cha damu kinachouonyesha uchovu huo. Basi mganga hupima kwa neno la mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1989, huko Marekani, Lauren Krupp na wenzake walitoa orodha ya maelezo 9, juu ya namna uchovu unavyozuia kazi, mwendo na maisha ya nyumbani. Kwa kila elezo mgonjwa hutoa alama, tangu 1 asipokubali kabisa, hadi 7 akikubali kabisa. Jumla hugawanywa kwa 9. Ikipata 4 au zaidi, kwa kawaida uchovu huhesabiwa kuwa mzito.

Hata hivyo alama peke yake haitaji sababu. Upungufu wa damu, usingizi mbaya, huzuni nzito, hata dawa nyingine, huleta uchovu pia, na mengi ya hayo yana matibabu. Kwa hiyo mganga huzidi kuuliza na kuchunguza.

Nasi nyumbani tunaweza kumsaidia. Tumwulize mgonjwa: saa zipi una nguvu? Kazi ipi yakumaliza? Tuandike majibu yake siku kwa siku, tumpelekee mganga. Kazi nzito tumwachie saa za baridi, naye apumzike kabla ya kuishiwa nguvu. Na akisema, “Nimechoka,” tumsadiki kwanza. Maana asiposadikiwa atanyamaza, na mganga atakosa cha kupimia.