Niite Mwoga, Lakini Sizamii Tana

Komenti iliyonifanya niandike hii ni hii hapa: "Kadi ya kupiga mbizi unayo, mtu amezama kwenu, na wewe umesimama ukingoni. Wewe ni mpiga mbizi wa picha." Ilipata laiki kuliko posti yangu yenyewe.

Sawa. Sikizeni stori yote.

Chuo niliacha mwaka wa pili, na kila mtu niliyekutana naye nilimwambia karatasi haimfanyi mtu kuwa chochote. Halafu nikakusanya pesa za video miezi kadhaa, nikashuka Watamu, nikafanya kozi ya kwanza ya skuba. Mbizi nne baharini, maji safi, mwalimu kando yangu muda wote. Nikapewa kadi. Nikarudi Garsen nikaposti picha nimebeba mtungi wa kukodi, nikaandika "Mpiga mbizi wetu wa Tana". Hayo maneno hakuna aliyenipa, nilijiandikia mwenyewe.

Wiki tatu baadaye, mto ukiwa umefura, kijana akaanguka kutoka kwa mtumbwi. Mzee mmoja akanipigia simu: "Mwanangu, wewe ndiye mwenye ujuzi. Njoo utusaidie." Nilienda. Mama yake kijana alikuwa ameketi kwa mkeka pale ukingoni, akanitazama kama mtu aliyeletewa jibu. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Siwezi kuingia."

Mniulize mbona. Tana wakati wa mafuriko ni chai ya maziwa. Ukitumbukiza mkono mpaka kiwiko, vidole huvioni. Chini kuna magogo, kuna nyavu zilizokatika, kuna mkondo unaokubeba kabla hujajua juu ni wapi. Mamba sitawaeleza, nyote mnawajua. Mimi nilifundishwa kuangalia kipimo cha kina na cha hewa. Pale kipimo hukioni hata ukikibandika usoni. Kutafuta mtu kwenye maji kama hayo ni kazi yenye mafunzo yake: kamba, mtu wa kuishika juu, ishara za kuvuta, mpiga mbizi mwingine tayari kuingia wa kwanza akikwama. Kwenye kozi yangu hakuna hata kimoja cha hivyo.

Kijana alipatikana siku ya tatu, mbali kule chini, na wavuvi wenye mitumbwi na ndoano. Mimi nilikuwa napiga kasia. Hiyo ndiyo kazi niliyoiweza.

Kama bado mnadhani ni uoga, kumbukeni Likoni. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwa feri likazama na mama na bintiye. Waliingia wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji, wakaja na wa kulipwa, wengine kutoka Afrika Kusini. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha karibu mita 58. Sisi mtandaoni tulikuwa tunawacheka eti wanachelewa. Hao ni watu wa kazi. Na wewe wa mbizi nne unataka kuingia kwa sababu umeitwa mwoga?

Sasa niongee na nyinyi wenye kadi mpya, kwa sababu najua mnavyofikiria. Hata mimi nilifikiria hivyo.

Kadi ya kwanza inasema mita 18. Haisemi "18, lakini nikiwa na marafiki, 30." Mtu akikuambia wiki ya kwanza twendeni tukaone meli ya Dania kule Mombasa, ile iliyozamishwa 2002, mwambie itakuwa palepale mwaka ujao. Rudi mahali palepale ulipofundishwa, na mtu aliyekuzidi, mpaka kuelea bila kuhangaika kuwe kama kutembea.

Usizuie pumzi. Hewa uliyovuta mita 10 chini hupanuka mara mbili ukifika juu, na mapafu yako si puto. Panda polepole, simama mita 5 kwa dakika 3, hata kama wenzako wameshatoka wanapiga picha.

Usipande ndege siku hiyohiyo. Ukipiga mbizi zaidi ya moja, ngoja angalau saa 18. Na usijidanganye na basi la usiku: Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na naitrojeni iliyo mwilini mwako haiulizi umepanda na nini.

Na kamera, wacha nyumbani mbizi zako za kwanza. Naisema hii mimi ninayekula kwa kamera. Mtu anayetafuta picha haangalii hewa yake wala mwenzake.

Wanaouza kozi, na nyinyi mnanisikia. Mnawafundisha watoto wa watu kuvaa na kuvua vifaa, kusafisha miwani, kupeana hewa. Vizuri. Mbona hamtengi hata saa moja ya kuwafundisha kusema "leo siingii" mbele ya watu? Mimi ilibidi nijifunze mbele ya mama aliyepoteza mtoto.

Wazee wetu walishasema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Pale ukingoni kulikuwa na mkeka mmoja wa kilio. Ningeingia, mama yangu naye angetandikiwa wake.

Ile posti ya "Mpiga mbizi wetu wa Tana" nimeifuta. Wewe mwenye yako kama hiyo, ifute leo, kabla simu haijalia.