Kamanyola: Pikipiki ya kwanza ya umeme isinunuliwe na mtu mmoja

Wamotari wa Kamanyola wanaovuka daraja la Ruzizi kwenda Bugarama hurudi na habari ile ile: Kigali pikipiki za umeme zimejaa, hazina kelele, hazina moshi, na wanaoziendesha hawaulizi tena bei ya mafuta imepanda au imeshuka. Habari hiyo ina ukweli. Kampuni ya Ampersand ilianza kuweka pikipiki za aina hiyo barabarani Kigali mwaka 2019, Spiro ikaingia baadaye, na serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zitakazoandikishwa mjini Kigali ni za umeme tu. Kwa mtu anayenunua esansi kwa Kadafi kando ya barabara, chupa kwa chupa, bila kujua kama imechanganywa na kitu kingine, habari hiyo ni tamu.

Ndiyo maana swali limeanza kuulizwa kwa sauti kwenye vituo vya pikipiki: je, mtu auze ile TVS yake iliyochoka, aongeze zamu yake ya likelemba, anunue ya umeme? Wengine wanafikiria kuuza ng'ombe. Swali lenyewe ni zuri, lakini jibu linalotolewa kwa haraka, kwamba anayetangulia ndiye atakayekula faida, linaweza kumaliza akiba ya familia nzima kwa miezi sita. Pikipiki ya umeme inaweza kufanya kazi Kamanyola. Isinunuliwe tu na mtu mmoja, kwa pesa yake ya mwisho, akiwa peke yake na betri yake.

Kwanza ieleweke kile kinachoonekana Kigali. Motari wa kule, mara nyingi, hakununua betri. Alinunua pikipiki, au anailipa kidogo kidogo, na betri ni mali ya kampuni. Ikikaribia kuisha, anaingia kwenye kituo, anatoa iliyochoka, anapewa iliyojaa, analipa, anaondoka. Ni dakika chache tu. Nyuma ya dakika hizo kuna vituo vilivyosambazwa mjini kote, mafundi waliofundishwa, umeme unaoaminika na mkataba. Anayevuka daraja na pikipiki ya aina hiyo bila vile vituo ni kama mtu aliyenunua simu ya bei kali akaipeleka mahali pasipo na rezo. Tena pikipiki nyingine za mfumo huo hazikubali betri wala chaja ya mtu mwingine. Zimetengenezwa hivyo makusudi. Huyo atabaki na chuma.

Linalobaki kwa mtu wa Kamanyola ni kununua pikipiki pamoja na betri yake na kuichaji mwenyewe. Hapo linaingia swali la kuran.

Ni jambo la kuudhi kulisema kandokando ya Ruzizi. Kituo cha Ruzizi I kimefanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ruzizi II, kinachosimamiwa na SINELAC kwa niaba ya Kongo, Rwanda na Burundi, kilizinduliwa mwaka 1989. Ruzizi III inazungumzwa miaka na miaka. Maji yanayozungusha mashine hizo yanatelemka na kupita hapo hapo Kamanyola kuelekea Ziwa Tanganyika. Lakini mto kutoa umeme na nyumba kuwa na priza inayowaka ni mambo mawili tofauti, na watu wa Bukavu wenyewe, wanaokaa karibu zaidi na mitambo, wanalijua vizuri neno delestaje. Kabla ya kuuliza bei ya pikipiki, mtu angeandika kwenye daftari, kwa mwezi mzima, kuran imekuja nyumbani kwake saa ngapi na imeondoka saa ngapi. Betri ya pikipiki huchukua saa tatu hadi sita kujaa. Kuran inayokuja saa mbili usiku na kukatika saa nne haitoshi, hata kama inakuja kila siku.

Wengine watasema: kuna jenereta. Hapa hesabu inakataa kabisa. Pikipiki ya umeme inayobeba abiria hula kama kilowati-saa 4 kwa kilometa 100. Pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji, tuseme 4 na nusu. (Kilowati-saa ndicho kile kipimo cha fakitire ya SNEL.) Jenereta ndogo ya esansi hunywa karibu nusu lita, na mara nyingi zaidi, kutoa kilowati-saa moja. Kwa hiyo ili pikipiki iende kilometa 100, jenereta itakunywa lita mbili na robo hadi tatu. Pikipiki ya kawaida ya mafuta hula lita mbili na nusu hadi tatu kwa safari hiyo hiyo. Mtu atakuwa amenunua pikipiki ya bei kubwa ili achome mafuta yale yale nyumbani, na kelele juu yake.

Jua ni habari nyingine. Uwanda wa Ruzizi una joto na jua la kutosha sehemu kubwa ya mwaka, kuliko milima ya Bukavu yenye mawingu. Bamba moja la wati 300 litatoa, kwa siku nzuri, kilowati-saa moja na kitu. Kwa motari anayefanya kilometa 100 kila siku inabidi kuwa na mabamba manne hivi, pamoja na kifaa cha kuyaongoza. Na kuna kikwazo kimoja ambacho wauzaji hawakitaji: jua linatoka mchana, saa zile zile pikipiki iko barabarani inatafuta pesa. Inahitajika betri ya pili, inayokunywa jua wakati ya kwanza inatembea. Betri ya pili ni pesa nyingi, na hapo ndipo mtu mmoja anaishiwa nguvu.

Lakini hesabu ya upande wa pili nayo itendewe haki. Motari anayefanya kilometa 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anachoma lita 70 hivi za mafuta. Achukue bei ya mafuta ya wiki hii na azidishe mwenyewe. Kisha achukue kilowati-saa 120 na azidishe kwa bei ya kuran anayolipa. Tofauti ni kubwa popote umeme wa kawaida unapopatikana, na juu yake hakuna oili ya mota ya kubadilisha, hakuna buji, hakuna kabureta ya kusafisha kila mara kwa sababu ya esansi chafu. Wanaosema pikipiki hizi ni mchezo wa matajiri hawajafanya hesabu hiyo. Na mafuta ya Kivu Kusini yanatoka mbali, kwenye bandari za Bahari ya Hindi, yakipita nchi kadhaa. Ng'ambo ya Ruzizi, Bujumbura, watu wamelala kwenye foleni za stesheni mara nyingi miaka hii ya karibuni, mpaka wengine wakavuka kuja kutafuta mafuta Uvira. Kutotegemea bidoni ni jambo lenye thamani.

Sasa betri yenyewe. Kuna pikipiki na baiskeli za bei nafuu zinazoingia na betri za risasi, ndugu za betri ya gari. Betri hizo, zikimalizwa na kujazwa kila siku, hudumu mara 300 hadi 500. Ikiwa kila mjazo unatoa kilometa 40, anayefanya kilometa 100 kwa siku ataijaza mara mbili na nusu kila siku, na kwa siku 160 za kazi betri itakuwa imeisha. Hiyo ndiyo miezi sita iliyotajwa hapo juu. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma, ikitunzwa, hujazwa mara 1,500 na zaidi. Kwa kilometa 70 kila mjazo, ni zaidi ya miaka mitatu ya kazi. Pikipiki mbili zinaweza kufanana rangi, taa na kiti, na tofauti yote ikawa ndani ya boksi hilo. Asiyeambiwa wazi ndani ya boksi kuna nini, asinunue.

(Kuna wanaosema kwamba Kongo ndiyo inayotoa kobalti nyingi kuliko nchi zote duniani, kwa hiyo betri zingekuwa rahisi huku. Kobalti inachimbwa Kolwezi na Likasi, inasafishwa China, na ile betri ya fosfati ya chuma haina kobalti hata kidogo. Jirani ya mgodi halipi bei ya jirani.)

Barabara pia ina neno lake. Kutoka Kamanyola, iliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hadi Bukavu kwenye Ziwa Kivu, mita 1,460, kuna kupanda, na anayepitia Ngomo anajua kupanda huko kulivyo. Kuinua pikipiki, dereva, abiria na mzigo, kilo 280 kwa jumla, mita 500 kwenda juu hula karibu nusu kilowati-saa, mbali na zile za mwendo wenyewe. Kwa betri ya kilowati-saa 3, ni sehemu moja ya sita imekwisha kwa mlima tu. Upande wa Katogota, Luvungi na Sange ni uwanda. Kama kuna mahali Kivu Kusini ambapo pikipiki ya umeme ingeanza, ni huko, kwa safari fupi za kwenda na kurudi, si Ngomo.

Ila uwanda huo umeona vita. Kamanyola iliingia mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025, baada ya Bukavu, na Desemba mwaka huo mapigano yalipita Luvungi na Sange kabla ya kufika Uvira. Familia zilizokimbia zinajua pikipiki ni nini saa hiyo: ni mama mjamzito, mtoto, godoro na sufuria. Pikipiki ya mafuta inajazwa kwa chupa mbili ndani ya dakika moja. Ya umeme iliyoisha inahitaji saa nne na priza. Hakuna muuzaji atakayeliweka hilo kwenye tangazo, na hakuna mzazi wa Kamanyola anayeweza kulisahau. Nyumba yenye pikipiki moja tu ina sababu nzuri ya kuiacha iwe ya mafuta kwa sasa.

Kwa hiyo ni nani anunue? Chama cha wamotari, au MUSO, au AVEC iliyozoea kuweka na kukopeshana bila kuibiana. Benki za Bukavu zilifunga milango mji ulipotekwa, na vikundi hivi ndivyo vilivyoendelea kushika pesa ya watu wadogo. Watu 20 wanaweza kununua pikipiki mbili, betri nne na mabamba, wakaweka mahali pamoja pa kuchajia penye mlinzi. Pikipiki inatoka na betri mbili zinapokezana. Ikiharibika, hasara inagawanywa kwa 20, na hakuna mtoto anayetolewa shuleni. Baada ya mwaka mmoja kutakuwa na daftari lenye tarakimu za Kamanyola yenyewe: kilometa, kuran, matengenezo, siku za mvua. Daftari hilo litawasaidia wengine kuliko tangazo lolote la Kigali.

Wapo watakaosema mali ya wengi haina mwenyewe, na mifano wanayo: mashine ya kusaga ya kikundi iliyokufa kwa sababu kila mtu alingoja mwenzake anunue mkanda. Ni pingamizi la kweli. Dawa yake inajulikana na kila mwenye pikipiki anayeikabidhi kwa motari: mtu mmoja anawajibika, analeta pesa kila jioni, na sehemu ya pesa hiyo inawekwa pembeni kwa ajili ya betri ijayo kabla hata ya kugawana faranga moja. Kikundi kisichoweza kukubaliana juu ya sehemu hiyo hakijawa tayari.

Na kwa mtu asiye na kikundi? Kwake kuna kitu kisichozungumzwa sana kwa sababu hakina fahari: baiskeli ya umeme. Uwanda wa Ruzizi umejaa baiskeli zinazobeba mihogo, makaa, maziwa na watu. Baiskeli yenye mota ndogo na betri ya nusu kilowati-saa inakwenda kilometa 40 hivi mahali tambarare, bamba moja la jua linaijaza kwa siku, na betri yake inaingizwa ndani usiku chini ya kitanda. Ikiisha njiani, inakanyagwa kama kawaida, hata siku ya kukimbia. Kwa mama anayepeleka bidhaa sokoni kutoka Katogota, hicho ndicho chombo cha kwanza cha umeme kinachostahili kuulizwa bei.

Atakayekwenda kuuliza, iwe ya kikundi au ya mtu mmoja, apite kwanza duane ajue ushuru kabla ya kulipa upande wa pili, na muuzaji aombwe mambo matatu kwa maandishi: betri ni ya aina gani, inabadilishwa na nani ikifa kabla ya mwaka, na chaja nyingine inapatikana wapi. Kisha pikipiki ijaribiwe ikiwa na abiria wawili na gunia, kutoka Kamanyola hadi Luvungi na kurudi, siku ya joto, mpaka betri iishe kabisa, na kilometa ziandikwe.