Moshi wa Katesh si habari?

Wadau, Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro ulipowaka, simu za chumba cha habari hazikutulia. Sawa, ni Kilimanjaro. Lakini kila kiangazi, Juni hadi Oktoba, ukipita Katesh au Dongobesh unakuta nyasi na mabua vinachomwa, na asubuhi moshi unanaswa kwenye hewa ya baridi iliyo karibu na ardhi, hauondoki mpaka jua lipande. Hiyo eti si habari.

Chembe za moshi ule ni ndogo mno, zinapita mapafuni hadi kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema zisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24. Na mama akikimbia moshi wa nje, anaingia jikoni kwenye mafiga na kuni!

Mfugaji simlaumu sana. Anachoma ili majani mabichi yachipue. Najilaumu mimi. Niliwahi kwenda huko, nikaandika "Wananchi waaswa kuacha kuchoma moto ovyo", aya tatu, nikamnukuu kiongozi, nikapokea posho, nikarudi Arusha. Nyuma ya mkutano kulikuwa na mtoto anakohoa mgongoni kwa mama yake. Sikumuuliza yule mama chochote.