Mlango wa Miaka Miwili

Sisi watu wa mwambao mlima twausikia kwa masimulizi. Baisikeli zetu za Mombasa na Unguja hukutana na uchochoro kabla ya kukutana na kilima, na mwenye kuchoka hushuka akaketi barazani. Bukura, huko Kakamega, mambo ni mengine. Nilikaa huko siku kumi kwa mpwa wangu anayesomesha kilimo, na kila asubuhi baada ya swala nilisimama njiani nikiwatazama vijana wakipanda vilima na madebe ya maziwa yamefungwa kwenye karia. Udongo ni mwekundu, na mvua ikishapiga, tope lake huteleza kama samli. Baisikeli zenyewe ni zile nzito za chuma, zisizo na gia. Kijana huinuka juu ya tandiko, akakaza meno, akafika juu bila ya kumwaga tone.

Nchi ile si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 wazee wetu wa misafara walifika Mumias, jirani na hapo, na katika ukoo wa Nabongo Mumia wakaingia watu katika Uislamu. Na Busia, mpakani mwa Uganda, ndiko lilikozaliwa neno bodaboda, wakati watu walipokuwa wakivushwa kwa baisikeli kutoka kituo cha mpaka mmoja hadi cha pili. Huko mtoto huzaliwa akaikuta baisikeli mlangoni.

Fundi mmoja wa pancha pale sokoni, kijana wa miaka 17, aliniuliza: "Mzee, hao vijana wa Ulaya wanaoshindana milimani, milima yao inashinda hii yetu?" Nilimjibu kuwa mlima hautamshinda. Liko jingine linalomngoja, nalo ndilo lililonishikisha kalamu.

Mashindano ya baisikeli za milimani yaliingia katika Olimpiki mwaka 1996, kule Atlanta. Daraja la vijana ni la wale wanaotimiza miaka 17 au 18 ndani ya mwaka, basi. Mlango huo ni wa misimu miwili tu. Tena katika mashindano makubwa hawapangwi ovyo mstarini: wenye pointi nyingi za kimataifa husimama mbele, asiye na pointi husimama nyuma kabisa. Sasa hebu fikiri, msomaji. Kijana wetu ametoka mbali, hana pointi hata moja, kawekwa nyuma ya wenzake walioanza kushindana wakiwa watoto. Wanaruhusiwa, na baada ya masafa madogo njia inakuwa kijia cha mtu mmoja kati ya miti na mawe. Miguu anayo, lakini ampite nani, na apitie wapi? Husubiri kama mtu aliyechelewa kisimani. Na huko mbele saa inakwenda. Kanuni yasema aliyeachwa kwa muda unaofikia asilimia 80 ya muda wa mzunguko wa kwanza wa kiongozi hutolewa njiani. Ikiwa kiongozi aliuzunguka mara ya kwanza kwa dakika 15, ukiachwa dakika 12 kazi yako imekwisha. Kisha nyumbani wataambiwa tu kuwa kijana hakumaliza.

Wasomaji waliopita chuoni wataikumbuka habari aliyoisimulia Ibn Umar, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliokondeshwa na kufunzwa kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa, maili tano au sita. Wale wasiofunzwa akawawekea masafa yao, kutoka hapo Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, kiasi cha maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwamo katika walioshindana. Hakuna farasi aliyefungiwa bandani kwa sababu hakufunzwa, wala hakuna aliyetupwa katika mbio zisizo za kadiri yake.

Majirani zetu wa Rwanda wamelifahamu jambo hili. Adrien Niyonshuti, aliyezaliwa 1987, alipoteza ndugu zake sita katika mauaji ya 1994. Mwaka 2006 Tom Ritchey, mmoja wa mafundi wa mwanzo wa baisikeli za milimani huko California, alisaidia kuandaa mashindano nchini humo, na ndani yake zilishindana hata baisikeli za mbao, zile wanazobebea mizigo wakulima. Mwaka uliofuata Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, akaanza kuwafunza vijana. Niyonshuti alishindana kwao, akashindana Afrika Kusini, msimu baada ya msimu. London, mwaka 2012, alibeba bendera ya nchi yake, na katika mbio za milimani akawa wa 39. Mwenye kuicheka namba hiyo na aicheke. Mimi nahesabu ile miaka mitano iliyo nyuma yake.

Na sisi Kenya? Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, akaivalia Kenya jezi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006. Mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza. Tour de France alizoshinda, nne kwa hesabu, zimeandikwa kwa jina la Uingereza. Sina haja ya kusema zaidi.

Tatizo la pili ni viza. Kijana akicheleweshewa karatasi mwezi mmoja, mashindano yamepita. Akikosa msimu wa pili, ujana umekwisha kwa mujibu wa kanuni, naye atapandishwa daraja la juu akiwa mkono mtupu. Lakini Mkenya kwenda Uganda au Rwanda hahitaji viza. Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa baisikeli za barabarani, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na vijana walikuwa na mbio zao. Kwa nini basi msimu wa kwanza wa mtoto wa Bukura uanzie Uswisi?

Nawaomba wenye chama cha baisikeli na wenye kaunti ya Kakamega waanzie vilimani pale pale: mashindano kila mwezi, yenye mizunguko na saa, kisha Uganda, kisha Rwanda, ndipo Ulaya. Nauli ya ndege ya mtu mmoja kwenda Ulaya hupeleka vijana kadhaa Kigali kwa basi, pamoja na baisikeli zao, na ikawarudisha.